Kabla posa haijajibiwa: sikling, kipimo cha haraka, HPLC au sanduku la DNA?

Posa ya mpwa wangu ilirudishwa kwa sababu ya karatasi moja. Kijana ni bin ami yake. Baba zao ni ndugu wa tumbo moja, mmoja akabaki Amu na mwingine akahamia Malindi kwa biashara. Kabla wazee hawajapeleka barua, kijana alikwenda kupima damu kwa hiari yake, jambo ambalo vijana wengi hawalikumbuki mpaka siku ya harusi imeshapangwa. Kliniki aliyokwenda ikamwandikia maneno mawili ya kipimo cha sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi: "Sikling chanya." Karatasi ilipofika Langoni, huko Amu, shangazi yao mkubwa, dada wa wale baba wawili, aliishika, akaikunja mara nne, akasema, "Wanangu, mimi nimezika wawili kwa maradhi haya. Wajukuu sitaki kuwazika." Mazungumzo yakaishia hapo.

Alikuwa na haki ya kuogopa. Ila karatasi ile haikusema alichokisikia yeye, na sisi tulichukua miezi minne kulijua hilo.

Tangu hapo jamaa wananiuliza, wa Amu, wa Matondoni, wa Malindi, hata walioko Ghuba: tupime nini? Mmoja alishanunua lile sanduku la kutemea mate linaloagizwa ng'ambo, akidhani ndilo kubwa kuliko yote kwa kuwa ndilo ghali kuliko yote. Nimeona niviweke vipimo hivi ubavu kwa ubavu, niseme kila kimoja kinajibu nini na kinanyamazia nini.

Swali lenyewe kwanza

Sikoseli huanza na herufi moja tu iliyobadilika katika jeni ya hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, kwenye kromosomu ya 11. Mwaka 1957 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, alionyesha kwamba badiliko hilo huondoa kijenzi kimoja cha protini na kuweka kingine mahali pake. Kwa hilo tu, chembe nyekundu ikikosa oksijeni hujipinda kama mundu, ikakwama kwenye mishipa midogo, na mtoto akalia kwa maumivu ya mifupa usiku kucha.

Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama. Nilipowaeleza wazee nilitumia komwe za bao. Niliweka komwe mbili mbele ya kijana, moja nimeichora wino, na mbili mbele ya binti. Komwe safi ni A, yenye wino ni S. Kila mzazi hutoa komwe moja, bila kuchagua. Wote wawili wakiwa na yenye wino, yaani AS na AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata zote mbili zenye wino, yaani SS, na huyo ndiye mgonjwa. Mzee mmoja akauliza, "Basi wakizaa watatu wazima, wa nne ndiye?" La. Kila mimba huchota upya. Nyumba inaweza kuzaa sita wasiugue, na nyingine ikazaa wawili wakaugua wote. Mmoja akiwa AS na mwenziwe AA, hapatikani SS hata mmoja, bali nusu kwa nusu mtoto atakuwa mbebaji kama mzazi wake.

Mbebaji hauguwi sikoseli. Kwetu pwani, tena, amebeba ngao. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alizunguka nchi hii mwaka 1949 akipima damu, akaona wabebaji ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na ni haba sana bara kwenye baridi, kusiko na malaria. Mwaka 1954 akachapisha sababu: mbebaji hukingwa na malaria. Watafiti wa Kilifi, Thomas Williams na wenzake, walilipima jambo hilo kwa watoto wa pwani yetu, na mwaka 2005 wakaeleza kwamba mtoto wa AS hupata malaria nyepesi karibu nusu ya wenzake, na ile kali inayoua hukingwa nayo kwa takriban asilimia 90. Ndiyo maana jeni hii haikupotea. Waliobaki hai kwenye mbu ndio waliotuzaa. Nililisema hili mbele ya wazee kwa sababu neno "mbebaji" lilikuwa limeanza kutajwa kama aibu.

Nikarudi kwenye swali letu. Wachumba hawaulizi "je, nina sikoseli?" Mtu mzima mwenye SS kwa kawaida anajijua. Wanauliza: mimi nina komwe gani mbili, na mwenzangu ana zipi?

Sikling

Tone la damu huchanganywa na dawa inayonyonya oksijeni, hufunikwa kwa kioo, kisha mtaalamu huchungulia kwa darubini kama chembe zimepinda. Kuna ndugu yake ambapo damu hutiwa kwenye kichupa na maji yakawa machafu kiasi cha kutoonyesha mistari iliyo nyuma yake. Vyote viwili ni rahisi kwa bei na maabara nyingi ndogo huvifanya.

Kasoro yake ndiyo iliyovunja posa yetu. Sikling hutoa "chanya" kwa AS na kwa SS vilevile, wala haitofautishi. Karatasi ya kijana ilisema hemoglobini S imo, basi. Haikusema nusu au yote. Na hata kama ingesema, ndoa ni watu wawili, nasi tulimhukumu mmoja bila kumpima wa pili.

Ina matatizo mengine. Mtoto mchanga chini ya miezi 6 bado amejaa hemoglobini ya tumboni mwa mama, basi sikling huweza kuwa hasi huku mtoto ni SS, mama akarudi nyumbani akishukuru. Aliyeongezwa damu karibuni naye humpoteza mpimaji. Na haigusi kabisa talasemia, ugonjwa mwingine wa kurithi wa hemoglobini, ambao nitaurudia kwa sababu kwa ukoo zetu una uzito.

Kwa uamuzi wa ndoa, mimi simshauri mtu alipie sikling. Ukishapewa, ichukue kama mlango, uendelee mbele.

Kipimo cha haraka cha kijiti

Hivi ni vijiti vinavyofanana na vya mimba au vya malaria. Viwili vinavyojulikana ni HemoTypeSC na Sickle SCAN. Hutumia tone la kidole, havihitaji mashine wala umeme, na kwa muda wa dakika 10 hivi au chini ya hapo unapata jibu: AA, AS, SS, na hata hemoglobini C, ambayo zaidi ni ya Afrika Magharibi. Vinafaa kwa mtoto mchanga pia.

Nimekiona cha HemoTypeSC kikitumiwa, na nataka nikieleze kwa ukaribu kwa sababu kina jambo linalochanganya. Muuguzi alitoboa kidole, akagusisha damu kwenye kipande kidogo cheupe, akakitia kwenye kichupa chenye matone ya maji, maji yakawa mekundu hafifu kama sharubati ya rozela iliyozidishwa maji. Kisha akasimamisha kijiti. Damu ikapanda taratibu. Sasa hapa: kwenye kijiti hiki mstari ukitokea, maana yake hemoglobini hiyo *haimo*. Ukikosekana, ndiyo imo. Mwenye AA, mstari wa S hujitokeza; mwenye AS, mstari wa A na wa S yote miwili hukosekana. Sickle SCAN ni kinyume chake, mstari ukitokea ndiyo imo. Ukiwa na kijiti kimoja mkononi na maelezo ya kingine kichwani, unaweza kumwambia mtu mwenye afya kuwa mgonjwa. Kwa hiyo omba jibu liandikwe kwa herufi, AA, AS au SS, pamoja na jina la kipimo kilichotumika. Asikuandikie "chanya".

Uzuri wake mkubwa kwa mtu wa Amu ni kwamba damu haisafiri. Sampuli ya kupelekwa maabara ya mbali hupanda boti mpaka Mokowe, ikaingia basi, ikapita joto na foleni za vizuizi. Kijiti kinamaliza kazi hapohapo ulipokaa, hata Faza au Kiunga, ilimradi kituo kinacho. Wapigie simu kwanza uulize, usipande boti kwa kubahatisha.

Kinachonyamazia ni talasemia. Mbebaji wa talasemia ya beta hujitokeza humo kama AA safi.

Elektroforesi na HPLC

Hiki ndicho ningemlipia mwanangu. Damu kidogo huchukuliwa mshipani, na mashine huzitenganisha hemoglobini kisha huzipima kwa kiasi. Elektroforesi huzitenganisha kwa umeme. HPLC huzipitisha kwenye mrija zikitoka moja baada ya nyingine, na huchora vilele kwenye karatasi, kila kilele na asilimia yake.

Asilimia hizo ndizo zinazosema kweli. AS wa kawaida ana A nyingi kuliko S, na S yake huwa karibu asilimia 35 hadi 40. SS hana A kabisa, isipokuwa ameongezewa damu. Na ukimwona mtu ambaye hajaongezewa damu ana S nyingi kuliko A, simama: huyo si mbebaji tu, pengine amerithi S upande mmoja na talasemia ya beta upande wa pili, na huo nao ni ugonjwa.

Hapo ndipo nilipoahidi kurudi. Talasemia ya beta imeenea katika nchi zinazozunguka Mediterania, Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi. Ukoo za Amu na Malindi zina damu za huko na za hapa, kwa vizazi vingi, na hilo sikisii: mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa DNA ya mifupa ya makaburi ya kale, yakiwemo ya Manda, Faza na Mtwapa, ukaonyesha mchanganyiko wa mama wa Kiafrika na wanaume kutoka Asia, hasa Uajemi, ulioanza yapata mwaka 1000. Kwa hiyo nyumba moja inaweza kubeba S kutoka kwa bibi na talasemia kutoka kwa babu. Mbebaji wa S akioana na mbebaji wa talasemia ya beta, nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto mgonjwa iko palepale, ingawa kijiti kimesema mmoja wao ni AA.

Dalili ya talasemia ya beta kwenye HPLC ni hemoglobini A2, aina ambayo kila mtu mzima anayo kidogo tu, kuzidi takriban asilimia 3.5. Chembe nyekundu pia huwa ndogo kwenye hesabu kamili ya damu, ila upungufu wa madini ya chuma nao huzifanya ndogo, hivyo daktari azitazame pamoja.

Vikwazo vyake ni bei, ambayo ni juu kuliko kijiti, na kwamba si kila hospitali ina mashine. Mara nyingi sampuli hupelekwa mji mwingine na jibu huchukua siku. Kama umeongezewa damu, ngoja kama miezi 3, la sivyo utapima damu ya aliyekuchangia. Na haioni talasemia ya alfa kwa mtu mzima, ambayo pwani kwetu ni ya kawaida sana. Hiyo isikutie hofu. Aina iliyozoeleka huku ni nyepesi, nayo pia hukinga malaria.

Mpangilio niliowapa jamaa ni huu: anzeni na kijiti wote wawili, siku moja. Mkitoka AA wote, sikoseli ya SS haipo kwenye nyumba yenu. Akitoka mmoja AS, wa pili asiridhike na AA ya kijiti; apimwe HPLC yenye A2. Wakitoka wote AS, hapo wamuone daktari wakae naye kabla wazee hawajasema neno.

Sanduku la DNA la kuagiza

Unatema mate kwenye kichupa, unalituma ng'ambo, na baada ya wiki kadhaa unapata kurasa nyingi za rangi kwenye simu. Mengine yana kipengele cha sikoseli, na kwa herufi ile moja husoma sawasawa, kwa sababu DNA haibadiliki kwa umri wala kwa joto la njiani. Mwenye kulinunua kwa hilo tu, amelipa nyingi kwa jibu la kijiti, tena bila kujua A2 yake.

Mengine yaliyomo ndiyo yanayonitia wasiwasi. Chukua saratani ya matiti. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu 23andMe, kampuni ya masanduku haya, kuwaambia wateja kuhusu mabadiliko 3 ya jeni za BRCA, ambazo zikiharibika huongeza hatari ya saratani hiyo, yaliyo ya kawaida kwa Wayahudi wa asili ya Ulaya Mashariki. Mabadiliko ya hatari yanayojulikana kwenye jeni hizo ni maelfu. Mwanamke wa Malindi ambaye mama na khalati yake waliugua, akisoma "halikupatikana", hajaambiwa chochote kuhusu ukoo wake. Huyo anahitaji daktari na kipimo kinachosoma jeni nzima.

Au uzee. Jeni ya APOE, ile ya aina ya 4, huongeza sana hatari ya Alzheimer, yale maradhi ya kusahau ya uzeeni, kwa Wazungu, lakini kwa watu wa asili ya Kiafrika athari yake imeonekana kuwa dhaifu zaidi. Wayoruba wa Ibadan ni mfano uliochunguzwa. Alama za hatari za kisukari na moyo nazo zimejengwa kwa kujumlisha mamia au maelfu ya mabadiliko madogo, na hadi mwaka 2019 karibu watu 4 kati ya 5 waliokuwa kwenye tafiti za aina hiyo walikuwa wa asili ya Ulaya. Kipimo kilichokatwa kwa mwili mwingine hakikukai. Vipimo vya "umri wa mwili", vilivyotokana na kazi ya Steve Horvath ya mwaka 2013, ni zana nzuri ya watafiti kulinganisha makundi. Kwa mtu mmoja pesa hiyo inafaa zaidi kupima presha na sukari.

Na kuna siri. Ukitema mate, umewatema na ndugu zako. Mwaka 2023 wadukuzi walipata taarifa za watu wapatao milioni 6.9 kutoka 23andMe, na Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, wateja wakaambiwa waende wakafute data zao. Kama unataka kujua asili, ni furaha yako na sikuzuii. Kwa posa, hapana.

Na wale wa Kilifi?

Wengi huniuliza kama wanaweza kwenda kwenye utafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome, shirika la Uingereza linaloufadhili, ulioko Kilifi tangu 1989, wapimwe bure. Utafiti na kipimo cha hospitali ni vitu viwili. Ukiingia utafitini unajibu swali la jamii, na fomu ya ridhaa itakwambia kama utarudishiwa majibu yako au la. Isome, au usomewe, na uulize. Lakini nisingependa mtu audharau. Damu za watoto wa pwani ndizo zilizoonyesha, mwaka 2020, kwa nini wenye kundi la damu liitwalo Dantu huepuka malaria kali: ngozi ya chembe zao imekazwa zaidi, kimelea hakipenyi kwa urahisi. Kilifi pia ilikuwa mojawapo ya vituo 4 vya jaribio la dawa ya hydroxyurea kwa watoto wa sikoseli barani Afrika, lililochapishwa 2019: maumivu yalipungua, kuongezwa damu kukapungua, malaria ikapungua, vifo vikapungua. Mtoto wa SS akijulikana mapema, akapewa penisilini, chanjo, kinga ya malaria na dawa hiyo, maisha yake si yale waliyoyaona bibi zetu. Matibabu ya kuhariri jeni yaliruhusiwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja kule Marekani. Kwa sasa mtoto wa Amu anaokolewa na kujulikana mapema.

Posa yetu

Kijana alipimwa upya Malindi, kwa HPLC: AS, S asilimia 38. Binti akavuka naye akapimwa: AA, A2 ya kawaida. Nikaja na karatasi mbili Langoni, nikapanga komwe zangu juu ya mkeka, nikazichota mara nyingi mbele ya shangazi. Hakuna hata mara moja zilipotoka mbili zenye wino, kwa sababu upande mmoja haukuwa nayo. Alizitazama kimya. Kisha akauliza, "Na mimi?"

Nikamwambia hana haja ya kupimwa. Mama aliyezaa watoto wa SS na yeye hauguwi, bila shaka ni AS. Komwe moja ilitoka kwake.

"Na ya pili?"

"Ya pili ilitoka kwa marehemu mumeo, Bi. Haiwezi kutoka pengine."

Miaka zaidi ya 40 wakwe walikuwa wamemwambia kwamba ni damu ya kwao iliyoua wale watoto. Alinyamaza muda, akasema, "Nipimeni hata hivyo. Nataka na mimi karatasi yangu."

Tukampeleka. Muuguzi akatoboa kidole, maji yakawa mekundu, kijiti kikasimama, mstari wa A na wa S haikutokea. Karatasi imeandikwa AS. Ameiweka kwenye kasha, pamoja na hati ya ndoa yake.